Kondoo Niliyemrudisha Dirma

Katesh, dukani, alasiri

Mwanangu Zainabu,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi kabla lori halijawashwa, kwa hiyo hapa naziruka. Usishangae baba yako kukuandikia barua na hali tunalala chini ya paa moja. Yako maneno ambayo yakifika kinywani mwangu hugeuka mzaha au ukali, nawe umekwisha kuyapata ya kutosha ya aina zote mbili. Kwenye karatasi labda yatatulia.

Sitakuandikia habari za chakula, wala namna ya kufunga sanduku lisifunguke njiani, wala nani wa kumwamkia kwanza ukifika hospitali ya Mbulu unakokwenda kusomea ukunga. Mama yako amekuambia hayo tangu mwezi uliopita, mengine mara mbili mbili, na lile la blanketi hata majirani wamelikariri. Mimi nina jambo moja tu, ila nitalizunguka kwanza, maana ndivyo nilivyo.

Juzi tulipokuwa tunakula uliniuliza, "Baba, ruhusa umenipa. Na radhi je?" Nikakujibu, "Tutaona." Kisha nikainuka nikasema nakwenda kufunga duka. Duka lilikuwa limefungwa zamani, wewe ulijua, mama yako alijua, na hakuna aliyenicheka mbele yangu. Nashukuru kwa hilo.

Tangu uliposema hutaki ualimu, unataka ukunga, tena ule wa kwenda majumbani kwa watu kama wa mama yako, mimi nimekuwa mtu wa "tutaona". Ualimu niliupenda kwa sababu mwalimu hukaa mahali pake na watoto wakamfuata. Mkunga wa majumbani huingia mahali pa mtu mwingine, na akishainama kwenye kazi yake hajui nani amesimama mlangoni. Hofu yangu ni hiyo tu, sina nyingine niliyoificha. Naogopa upigwe kama alivyopigwa mama yako, mbali, na mimi niko hapa napima chumvi.

Leo ndiyo imezidi. Nimekaa nyuma ya mizani tangu asubuhi na ninyi wawili hampo. Siku ya mwisho ya mtoto nyumbani, mtoto hayupo, mama yake hayupo, na aliyewachukua ni Gidamis.

Nilimwona kabla yenu. Alikuja kwa njia ya Dirma, upande wa kwao, peke yake, amejifunga shuka lake jeusi, na alipofika karibu na ua wa jirani akasimama. Akaiegemeza fimbo yake pale kwenye ua, akaiacha, akaja mpaka barazani mikono mitupu. Unajua mwenyewe Mbarabaig na fimbo yake. Hata akija kununua tumbaku ya kunusa, fimbo anailaza kwapani. Miaka yote hii mtu huyu hajakanyaga baraza ya duka langu, akitaka chumvi anatuma watu, akitaka mkunga wanakuja wanawake. Leo alikuja mwenyewe.

"Mzee, habari ya asubuhi," akasema.

"Nzuri."

"Mama yuko? Ile mkunga yetu. Mke yangu tangu jana, bado. Wamama wamenituma mimi."

Nilikuwa bado natafuta jibu lenye makali ya kutosha, nikasikia sauti ya mama yako kutoka uani, "Mwambie nakuja." Kumbe wewe ulikuwa umekwisha kuuchukua mfuko. Nikakuambia, "Zainabu, wewe kesho una safari."

"Ndiyo, baba."

"Basi kaa upumzike."

Ukanijibu kwa adabu yako yote, macho chini, "Baba, mama ana mkono mmoja na nusu. Ile nusu iliyobaki ni mimi." Ukapita uani kumchukua mama yako. Mimi na Gidamis tukabaki tunatazamana, halafu yeye akatazama chini, na kusema kweli mimi pia.

Sasa nikueleze habari ya ule mkono. Najua unaijua, ila unaijua kwa upande wa kicheko. Ulikuwa mdogo, ukichoka njiani bado unabebwa, na unachokumbuka ni baba yako na kondoo. Watu wa Katesh nao hawakumbuki kingine. Mpaka leo mtu akitaka kunipunguzia maringo anasema, "Mzee Kondoo, nipimie sukari," nami napima huku nimenuna. Hicho kicheko ni haki yao. Lakini unakwenda kuifanya kazi ile, na napenda uichukue habari nzima.

Mama yako nilimwoa Singida, akiwa tayari anajua kuzalisha kwa kufundishwa na shangazi yake. Tulipohamia hapa kufuata biashara, mimi nikiwa Mrangi nisiyejua neno moja la Kibarabaig, yeye alikuwa anakisema, maana alikulia jirani nao. Wanawake wa huku walianza kumwita. Baadaye serikali ya kienyeji ikampeleka kufundishwa kidogo, akarudi na mfuko wa mkasi, pamba na dawa ya kuoshea, akawekwa chini ya zahanati. Kazi yake ilikuwa kutembea. Zahanati ilikaa pale pale na mkubwa wake, mama yako ndiye aliyekuwa miguu.

Nilikuwa namsindikiza kila nilipopata nafasi. Wenzangu walinitania sana kwa hilo, mwanamume mzima kubeba mfuko wa mkewe, lakini nilijifunza jambo huko nje ambalo yeye ndani hakuliona. Tukifika, yeye anaingia kwa wanawake, mimi nabaki na wanaume kwenye zizi. Na nikwambie, mwanangu, mwanamume anayengoja nje ya nyumba ya uzazi ni mtu wa kuangaliwa. Ana hofu, ana fimbo, na hana kazi. Anasikia mkewe analia na hawezi kuingia. Anatembea, anarudi, anampiga ng'ombe asiye na kosa. Nilikuwa naona hayo nikicheka moyoni. Sikuwaza kwamba siku moja mmoja wao angeingia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada, nami sikumsindikiza, biashara ilikuwa nzuri. Mke wa Gidamis alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya, akasumbua, akatoka hana pumzi. Mama yako akampulizia, akamsugua, akampulizia tena. Hakuna. Wanawake ndani wakaanza kulia. Gidamis akasikia kilio, na kichwani mwake akaona kitu kimoja tu, kwamba kuna mwanamke mgeni ndani ya nyumba yake na mtoto wake amekufa.

Kwa Wabarabaig mwanamume haingii nyumba ya uzazi. Hata mwenye nyumba haingii. Yeye aliingia, tena na fimbo. Mama yako alikuwa amepiga magoti, mgongo mlangoni, anamshughulikia yule binti aliyekuwa anavuja damu. Aliinua mkono wa kushoto kwa sababu fimbo ilikuwa inakuja juu yao wote wawili. Ikampata kwenye kifundo cha mkono, na mfupa ukasikika.

Wanawake walimtoa nje kwa kumsukuma. Na hapa ndipo napenda usome polepole. Mama yako hakutoka. Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka, na damu ilikuwa inaendelea. Kulikuwa na bibi mmoja pale, Udahayi, yule mwenye bangili nyingi za shaba ambaye ulimwogopa utotoni. Mama yako akamwita akae ubavuni mwake, akawa anamwambia bonyeza hapa, shika hivi, ngoja, sasa vuta taratibu. Mkono wake mmoja mzima na mikono miwili ya bibi yule ndiyo iliyomwokoa yule binti. Alipoona damu imekoma ndipo akasema, "Sasa nipelekeni nyumbani." Wakamleta juu ya punda. Mimi nilikuwa napima maharage alipofika, na nikamuuliza kwa nini amepanda punda kama mzee.

Nikaona mkono.

Nilitaka kwenda Mbulu kwa Bwana Shauri, mkubwa wa serikali, siku ile ile. Nilitaka kwenda Dirma na panga. Nilitaka mengi, na mama yako alinitazama akaniambia nitafute ubao wa kufungia mkono kwanza. Mkubwa wa zahanati alikuja kesho yake akaufunga vizuri zaidi, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya alitaka kumfariji. Akasema, "Pole, mama. Ndiyo kazi yetu hii, mambo hayo huwa yanatokea." Mama yako alikuwa na homa, midomo imekauka, lakini alimjibu. "Kazi yangu ni kuzalisha. Kupigwa si kazi yangu." Yule bwana akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaendelea kuzungusha bendeji.

Utakutana na watu kama huyo. Watakuambia kwa upole, tena wakubwa wako, kwamba kutukanwa kidogo, kusukumwa kidogo, ni mambo ya kazi. Wengi watakuwa watu wazuri. Likumbuke jibu la mama yako, maana mimi sijasikia lililo bora zaidi.

Sasa kondoo. Siku chache baadaye walikuja wazee wa upande wa Gidamis. Watu wa heshima, wamekaa barazani kwangu, wamekunywa chai. Wakasema kijana alipotewa na akili, amefiwa, tusiende serikalini. Walikuwa wameleta kondoo dume mnene, mkia wake umejaa mafuta, na kibuyu cha asali. Mimi ni mfanyabiashara, Zainabu. Mtu akija na kitu mkononi na maneno mazuri mdomoni, mkono wangu huwa unanyooka wenyewe. Nikafikiri pia hawa ndio wateja wangu, nitakaaje nao. Nikampokea kondoo. Tukashikana mikono, nikasema yamekwisha.

Nikaingia chumbani nimefura kifua. "Mama Zainabu," nikamwambia, "nimekwisha kuyamaliza."

Alikuwa amelala, mkono juu ya mto. Akauliza, "Umeyamaliza yapi?"

"Mambo ya Gidamis. Wameleta kondoo."

Akageukia ukutani. Nilidhani ni maumivu ya mkono.

Wanawake walifika kesho yake. Ulikuwa umeshika kanzu yangu, labda unakumbuka ule wimbo. Walikuja kwa njia ya Dirma kwa mstari mrefu, wamevaa zile sketi zao za ngozi zenye nyuzi nyingi, kila mmoja na fimbo, wanaimba kitu cha chini chini ambacho hakikuwa cha harusi. Wanaume waliokuwa dukani, Wabarabaig wakubwa kwa wadogo, wote walitoka kwa mlango wa nyuma. Nikamuuliza mmoja kuna nini, akanijibu bila kugeuka, "Hao wanakuja na shauri yao. Mimi sipo."

Sikujua. Mimi nilidhani shauri ni la wazee na la Bwana Shauri. Kumbe wanawake wale wana baraza lao. Mwanamume akiwakosea katika mambo ya uzazi, wanakaa wenyewe, wanaume hawasogei, na wakikata neno hakuna mzee wa kulitengua. Asiyelipa wanamlaani, na sijaona Mbarabaig aliyethubutu kungoja laana ya akina mama. Gidamis walikuwa wamekwisha kumhukumu. Aliingia nyumba ya uzazi, akaingiza fimbo, akampiga mwenye kuzalisha. Faini yake fahali mweusi, yule aliyekuwa akimpenda kuliko wote, mpaka alikuwa akimwimbia. Alimtoa, na sikusikia kwamba alibisha.

Wakaketi mbele ya duka langu, wakaniita nisimame katikati. Bibi Udahayi akaniuliza, na mwenzake mmoja akawa anatafsiri, "Aliyepigwa ni nani?"

"Mke wangu," nikajibu.

Wakanong'ona. Akauliza tena, "Aliyepigwa ni nani?"

Nikafikiri hawakusikia. "Ni mke wangu, Mama Zainabu, huyu aliyemo ndani."

Akainuka, bangili zikalia, akasogea mpaka karibu, mfupi kunizidi lakini nikaona nimepungua. Akasema, "Mke wako akipigwa kwenye nyumba yako, hiyo ni habari yako. Huyu amepigwa kwenye nyumba yetu, akiwa na mtoto wetu mkononi. Aliyepigwa ni mkunga wetu. Wewe umepokea kondoo ya nani?"

Nilikuwa nimepokea malipo ya kitu kisichokuwa changu. Hata sikumuuliza mwenye mkono.

Wakanihukumu mimi pia. Nimrudishe kondoo kwa mwenyewe, mimi mwenyewe, kwa miguu, nimembeba shingoni, mchana, wao wakinifuata. Nilijaribu kucheka ili tupunguze. Hakuna aliyecheka. Nikamwangalia mama yako, aliyekuwa amejikongoja mpaka mlangoni, nikitumaini ataniombea. Akasema, "Mwangalie miguu ya nyuma, anarusha."

Basi nikambeba. Katesh yote ilitoka. Wahindi wa duka la pili walitoka, askari wa baraza alitoka, wewe ulikuwa unakimbia nyuma yangu unacheka mpaka unaanguka. Kondoo dume wa nchi hii si mwepesi, na yule alikuwa amekula vizuri kwa ajili ya kunipatanisha. Alinikojolea mgongoni tulipopita kisimani. Nilifika kwenye mji wa Gidamis, lile boma lake, sina sauti, nikamshusha mbele yake. Tukatazamana, wanaume wawili tuliohukumiwa na wanawake wale wale. Nilikuwa nimekusudia kumwambia neno baya. Nilipomwona, macho mekundu, mtoto wake amezikwa, fahali wake hayupo, lile neno sikulipata. Nikarudi nyumbani.

Hicho ndicho kicheko unachokijua. Lakini nilipofika nyumbani jioni ile mama yako alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, mara ya kwanza tangu apigwe. Nikamwomba msamaha. Akanijibu kwamba angependa sana kuona nilivyokuwa natembea na yule mnyama. Kisha akalia, nami nikalia, na wewe ukatutazama kama watu waliochanganyikiwa.

Mfupa uliunga vibaya. Umemwona miaka yote akisonga ugali kwa kuushikilia mwiko kwa upande, akifunga kanga kwa meno. Mimi nilidhani ukunga umekwisha. Mwaka mmoja na kitu ukapita, wakaja wanawake kutoka mji ule ule wa Gidamis. Mkewe tena. Mama yako akauchukua mfuko. Hapo ndipo niliposema maneno ambayo siwezi kuyaandika, nikanuna wiki nzima. Aliposimama mlangoni alinijibu neno moja tu. "Yule mwanamke hakunipiga."

Alikwenda. Lakini hakwenda kama zamani, na hili nataka ulione, maana umeliona mara nyingi bila kujua lilikotoka. Siku hizi akifika kwenye mji wa watu haingii ndani mpaka fimbo zote ziwe zimelazwa nje ya ua, na bibi wa nyumba ndiye anayezilaza, si yeye. Anakaa upande anaouona mlango. Na kila mwanamume aliyeko nje anampa kazi. Wewe leta kuni, wewe chota maji, wewe katafute maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Nusu ya yale maji hayatumiki. Hayo ya kazi alinisikiliza mimi, nilimwambia yale niliyoyaona kwenye mazizi, na ndiyo faida pekee ya mimi kubeba mfuko. Tangu hapo hakupigwa tena. Ametukanwa, ndiyo. Amesukumwa mara moja huko upande wa Endasak, na wanawake wa huko wakalishughulikia kabla sijasikia.

Unaona ninavyozunguka. Nilikuwa naogopa kwa sababu nilidhani unakwenda peke yako kwenye nyumba za watu. Nimekaa hapa mchana kutwa nikiifikiria asubuhi ya leo, na nimeona kwamba mama yako hajawahi kwenda peke yake tangu siku ile ya punda. Na wewe leo hukwenda kama mtoto anayemfuata mama. Uliufunga ule mfuko kwa mikono iliyotulia. Mbele ya mtu aliyemvunja mama yako mkono, ulisema "shikamoo" kwa sauti iliyonyooka, akaitikia kwa shida, na ukamwuliza maji yalivunjika saa ngapi. Mimi baba yako hata salamu yake nilikuwa nimeiitikia kwa neno moja tu. Nilikuonea fahari mpaka nikaona haya.

Wanakuja. Nimewaona kwenye kona ya njia ya Dirma, naacha kalamu.

Naendelea. Wewe sasa hivi unaoga na mama yako amelala kwenye mkeka na viatu vyake, kwa hiyo nina nafasi ya kumalizia.

Nilisimama barazani nikiwatazama mnakuja. Wewe mbele na mfuko, kanga imechafuka, unatembea kama mtu aliyechoka vizuri. Mama yako nyuma yako. Na nyuma ya mama yako Gidamis, ana mvi sasa, anahema, na shingoni amembeba kondoo. Dume, mkia umejaa. Watu wakaanza kutoka madukani. Nikasikia mmoja anaanza kucheka, kisha akanyamaza, maana hakujua amcheke nani.

Mama yako akasema tu, "Wazima. Mama na mtoto. Huyu ndiye aliyemgeuza tumboni," akakuonyesha kwa kidevu. Akapita ndani akajilaza. Wewe ukaniamkia, nikaitikia, ukapita. Nikabaki na Gidamis.

Akamshusha kondoo, akamshika pembe. Mkono wangu, naapa, ulianza kunyooka. Nikaurudisha.

"Kondoo huyu wa nani?" nikauliza.

"Si yako," akasema.

"Najua. Ya nani?"

"Ya wakunga." Akafikiri. "Wawili."

Nikamwambia amfunge mwenyewe nyuma ya duka. Akamfunga. Akaja akasimama pale barazani, nikaona hajui aondokeje, nikakumbuka yale ya kuwapa wanaume kazi. Nikamwomba anisaidie kuinua gunia la chumvi. Tukaliinua. Akaondoka akaichukua fimbo yake kwenye ua wa jirani.

Mwanangu, ile radhi uliyoiomba juzi, chukua. Haina sharti na haina "tutaona". Nakupa kwa moyo wangu wote, na ninamwomba Mungu akulinde kwenye kila mlango utakaoingia na kila mlango utakaotoka. Ukiguswa na mkono wa mtu, usinyamaze ili kutupunguzia aibu sisi wa nyumbani. Waambie wanawake wa pale ulipo. Na akija mtu kwangu na kondoo, nitamwuliza kwanza wa nani.

Kesho utingo wa lori ataniuliza anayesafiri ni nani, ili ajue akuweke mbele kwa dereva au nyuma kwenye mahindi. Miaka yote nimejibu "ni binti yangu", na ni kweli. Kesho nitamwambia ni mkunga. Binti yangu nitasema lori likishaondoka.

Kondoo yuko nyuma ya duka. Nimempa maji, zaidi ya hapo sijamgusa. Amueni ninyi wawili.

Ni mimi baba yako,
Mzee Kondoo